Neno "kupumzika" nusura limpokonye mama yangu nafasi yake ufukweni

Wakuu, habari za mchana.

Naandika kutoka Uvira, ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Tunakaa Rugenge. Kiswahili cha nyumbani kwetu kina mambo yake, kwa hiyo watu wakifungua mdomo humu ndani nitawaacha waseme walivyosema (minye ni mimi, weye ni wewe, fasi ni nafasi). Sehemu yangu nitajitahidi iwe Kiswahili cha wote.

Haya yametokea kweli. Mama yangu ameniruhusu kuyaleta hapa kwa sharti moja, nisitaje ugonjwa uliompeleka hospitali. Basi jueni tu kwamba alipasuliwa tumboni, na alipona.

Kwanza mnifahamu kidogo. Nimemaliza chuo, nimesomea maendeleo vijijini, kazi bado. Nina kichwa ambacho hakina switch ya kuzima. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu bila kitu kingine, nashinda nikijiuliza nimemkosea wapi. Wenye tatizo hili mnajuana.

Kichwa cha namna hii kikishikwa na neno moja, kimeshikwa.

Neno lililonishika safari hii ni la kawaida kabisa. Kupumzika.

Mama yangu anaitwa Mama Byamungu. Byamungu ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Kazi yake ni kukausha ndagala, wale samaki wadogo wa rangi ya fedha. Mitumbwi hutoka na taa gizani, samaki hufuata mwanga, na asubuhi wanawake wanachukua kwa beseni, wanatandaza mchangani, wanageuza na kugeuza mpaka jua limalize maji yote.

Kama hujawahi kuuona ufuko wetu saa za asubuhi, sijui nikuelezeje. Mchanga wote unang'aa. Ukitazama kwa mbali hujui maji yameishia wapi na samaki wameanzia wapi. Ni kama ziwa limetoka kidogo kuja kuota jua.

Turudi kwenye habari.

Mama alipasuliwa kule Lemera, milimani. Siku ya kutoka, muuguzi alikaa pembeni ya kitanda akamshika mkono.

"Mama, sasa ni kupumuzika. Kuinama hapana. Kufua hapana. Beseni usiiguse hata na macho."

Mama akacheka. Muuguzi hakucheka. Akanivuta mlangoni.

"Kaka, kwetu hapa kupumuzika ni dawa kama zile za kumeza. Mukiikata katikati, kidonda cha ndani kinafunguka. Mutarudi huku na kilio."

Nililishika neno hilo kama mtu aliyepewa yai avuke nalo mto.

Tukateremka na gari la abiria. Njia ile ina kona nyingi, na kwenye kona moja dereva alisimama, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Tuache breki zipumuzike," akasema, akaanza kumenya muwa.

Harufu ya chuma cha moto ilikuwa inapanda. Sisi tukashuka, mama akabaki ndani mlango ukiwa wazi. Chini yetu bonde la Ruzizi lilikuwa limelala, mto unajikunjakunja kama kamba iliyoangushwa, na kule mwisho ziwa, na juu ya ziwa ukungu mwembamba, na juu ya ukungu milima ya Burundi ikielea bila miguu. Chuma kilikuwa kinalia tik, tik, kikipoa.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza.

Nikawaza, kwa breki kupumzika ni kuondolewa mzigo na kupoa. Kwa mgonjwa siyo kupoa, ni kushona kitu ndani ambacho hakionekani. Jirani yetu fundi mwashi akishamwaga zege husema liachwe lipumzike, na unaliona limelala kimya kumbe ndiyo saa linayogeuka jiwe. Mwalimu wetu wa kwaya pale Kasenga huwapigia kelele watu wa sauti ya tatu: "Pumuzikeni, lakini hesabuni!" Maana kwenye nota ukipumzika bila kuhesabu, utaingia mahali pasipo pako na wimbo wote utaanguka.

Na msibani tunasema fulani amepumzika.

Nilipofika hapo nikasimamisha mawazo kwa nguvu, nikamuuliza mama kama ana kiu.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama ziwa.

"Byamungu, mwezi iko namna gani?"

"Iko mukubwa, mama."

"Basi wavuvi bado wanapumuzika," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka.

Kwa wasiojua: mwezi ukiwa mkubwa, taa ya mtumbwi haina maana, samaki hawaioni. Mitumbwi inakaa. Lakini usifikiri wavuvi wanalala. Ndiyo wakati wa kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kuoa, kugombana, kunyoa. Na kitu kikubwa zaidi ni kwamba wanapumzika wote. Hakuna mmoja anayebaki akivua. Mwezi unawafunga wote pamoja na giza linawafungua wote pamoja. Siku hizi hata wataalamu wa samaki husema ziwa lenyewe lipumzike ili samaki wazaane. Nao wana maana yao.

Sasa nielezee shida ya mama ilikuwa wapi, maana bila hii hamtaelewa kilichofuata.

Miaka hii ziwa limepanda. Limekula mchanga, limekula nyumba za watu, limekula na sehemu za kukaushia. Wanawake waliokuwa wametawanyika ufuko mzima sasa wamebanana kwenye kipande kimoja. Nafasi haina karatasi wala kigingi. Ni yako kwa sababu samaki wako wapo hapo. Giza likirudi na mitumbwi ikileta samaki wa kwanza, kila mmoja anatandaza pake. Usipotandaza siku hizo za mwanzo, umesema kwa vitendo kwamba umeondoka.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha. Na mama hakutakiwa kuinama.

Asubuhi moja nyumbani nikamkuta amesimama uani, kitenge amekifunga kwa nguvu juu ya kidonda, beseni tupu mkononi.

"Mama! Muuguzi alisema nini?"

"Alisema nipumuzike. Minye nimepumuzika. Sasa nimemaliza."

"Bado hujamaliza."

"Weye unajua kupumuzika ya vitabu. Mutu anapumuzika akijua akiamuka atakuta kitu yake. Fasi ikienda, minye nitakuwa nimepumuzika sana. Nitapumuzika mupaka kufa."

Neno lile lile.

Nikamwambia kitu ambacho sikukifikiria, na nyie mnajua kwangu ni nadra.

"Mama, rudi kitandani. Nitakalia fasi yako minye."

Aliitazama mikono yangu. Kisha akacheka taratibu, mkono tumboni.

"Na hiyo mikono?"

Lakini alirudi kitandani.

Wakuu, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kutetea mémoire, ile tasnifu ya kumaliza chuo, mbele ya maprofesa. Nilifika mapema. Nikafagia nafasi ya mama mpaka mchanga ukawa laini kama unga. Nikaondoa majani, magamba, mifupa. Nikapanga mawe pande zote. Nikaweka kiti cha plastiki katikati, nikakaa na mwavuli. Nilidhani mtu wa familia akionekana pale inatosha, samaki watamsubiri mama.

Mnaweza kufikiria wanawake wa ndagala walinipokeaje.

Anayekausha jirani na mama anaitwa Mama Zawadi. Mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi.

"Eeh! Universite imefungua fakulte ya mchanga!"

"Muheshimiwa," mwingine akaongeza, "hiyo kiti ni ya plastiki ao ni ya enzi?"

"Mukwe wangu," akasema Mama Zawadi, akiniita mkwe kama anavyowaita vijana wote ambao hana mpango wa kuwapa binti, "weye iko unalinda nini? Mchanga haiwezi kukimbia."

Nikawajibu kwa heshima kwamba mama anapumzika, mimi nalinda nafasi yake mpaka apone. Nikaona wanatazamana. Nilidhani wameguswa.

Mitumbwi ikafika. Giza lilikuwa limerudi na samaki walikuwa wengi. Kelele, mabeseni, maji yanachuruzika migongoni. Baada ya muda ufuko wote ukawa fedha, isipokuwa mahali pamoja. Pale kwangu palikuwa safi na peupe kama kitanda cha mgeni asiyekuja.

Niseme ukweli, nilipaona pazuri. Jua lilikuwa linapanda, mwanga unacheza juu ya samaki wa wengine, maji yanakuja na kurudi yakisema neno moja tu. Nikasinzia kidogo kitini. Niliota mama amelala ndani ya maji na maji hayamlowanishi.

Nilipofumbua macho, pembeni ya mguu wangu kulikuwa na samaki.

Mwanamke mwembamba, kitenge cha kijani, alikuwa ameinama ndani ya mawe yangu anatandaza. Huyu ni Mama Neema. Nafasi yake ya zamani ilikuwa kule mbele, mahali ambapo leo kuna maji ya kufika kifuani.

"Mama, samahani, hapa kuna mwenyewe."

"Iko wapi?"

"Anapumzika."

Hakuinua kichwa. "Fasi imekufa, mutoto wangu. Usiililie."

Nikaanza kueleza. Wakuu, nilieleza! Nilitaja haki, nilitaja desturi, nilitaja usimamizi shirikishi wa rasilimali, somo ambalo nilipata alama nzuri. Yeye alikuwa anatandaza. Nikiingia kwenye hoja ya tatu, tayari robo ya nafasi ilikuwa yake.

Nikamkimbilia Mama Zawadi. Safari hii hakunitania. Alinisogeza chini ya mwavuli wangu mwenyewe.

"Sikiliza. Weye ulifagia. Ukaondoa hata magamba. Unajua sisi tunafagia fasi wakati gani?"

"Hapana."

"Wakati mwenyewe amekufa. Tunamufagilia, halafu inapewa mwingine. Asubuhi tulipokuona na ule ufagio, wengine walitaka kuuliza kilio iko saa ngapi."

Nilikaa chini. Siyo kitini, mchangani.

"Lakini niliwaambia anapumzika..."

"Ndiyo, ulituambia. Huku mutu mumoja hapumuziki, mukwe. Tunapumuzika wote, mwezi ikiwa mukubwa. Giza ikirudi, fasi inafuata mukono. Mukono unaogeuza samaki, hata kama samaki si yako, ule ndiyo iko na fasi. Leo mukono ni wa Neema. Jua ikizama hivi, imekwisha."

"Nipate wapi samaki sasa?"

"Kwa sasa? Imeisha yote. Subiri ya kesho." Na wote wawili tulijua kesho ni kuchelewa.

Simu ikalia. Mama.

"Byamungu, fasi iko?"

"Iko, mama." Haikuwa uongo. Nafasi ilikuwepo.

"Basi nalala kidogo."

Nilirudi kwenye kiti changu katikati ya samaki wa mtu mwingine. Kichwa kikawa kama kiota cha nyuki. Nimwondoe kwa nguvu? Ni mama wa watu, na ziwa limemla pake. Nimwite mkubwa wa ufuko? Atasema aliyoyasema Mama Zawadi. Nirudi nimwambie mama? Atainuka, atafunga kitenge, atakuja na beseni, na ninajua kitakachofunguka.

Nililichukua neno la hospitali nikalileta ufukweni likiwa limevaa koti jeupe. Kule maana yake ni usiguse chochote. Huku kutogusa chochote ni kuzika.

Sikumbuki nilikaa hivyo muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba mwanga ulibadilika. Samaki waliacha kung'aa, mmoja mmoja, kama mtu anapita akizima taa ndogo. Wanawake wote wakageuza shingo kutazama milima iliyo nyuma ya mji. Wingu lilikuwa limekaa juu yake, jeusi, na lilikuwa linateremka.

"Mvua! Mvua inashuka!"

Ndagala waliokauka nusu wakipigwa na mvua hugeuka wekundu, wananuka, wanapata funza. Ni hasara ya wiki nzima. Kila mtu akajitupa kwa samaki wake.

Mama Neema alikuwa na samaki sehemu mbili. Nusu kwetu, nusu alikuwa amewabananisha kule mwisho, kwenye nafasi ya mtu wa ukoo wake. Nilimwona amesimama katikati, anatazama huku, anatazama kule. Kisha akakimbilia kule.

Wa kwetu wakabaki.

Hapa ndipo mtu mwenye kichwa kama changu alipaswa kukaa kufikiri. Waoze, aondoke, nafasi ibaki. Au wakioza hapa, nani atataka tena kutandaza? Nadhani mawazo hayo yalikuja, lakini yalikuja yamechelewa, mikono ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa nimepiga magoti nakusanya samaki kwa viganja, nawatupa kwenye turubai alilokuwa ameliacha pembeni, magamba yamenijaa hadi kwenye nyusi. Nilikuwa mzembe, nilichota mchanga pamoja nao. Mwavuli ukaruka ukaenda zake. Matone ya kwanza yalipogonga mgongo nilikuwa nakunja ncha ya mwisho ya turubai, nikalala juu yake.

Ndiyo. Nililala juu yake. Mvua ikanipiga, na chini yangu samaki wa watu walikuwa bado na joto la jua, kama mnyama aliyelala. Ziwa lilipotea. Milima ikapotea. Kulikuwa na kelele moja tu nyeupe kila upande.

Na kichwani, wakuu, hakukuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, hakukuwa na kitu kabisa.

Mvua za huku zikija kwa hasira hazikai. Ilipopita, nikasikia sauti ya Mama Zawadi kabla sijainua uso.

"Mumeona wote? Mumeona? Ile mukono ni wa nani?"

"Wa Mama Byamungu!" mmoja akajibu.

"Samaki ni yangu," Mama Neema akasema. Alikuwa amefika, maji yanamtoka kwenye kitenge.

"Samaki ni yako, nani amekataa? Tunaongelea mukono!"

Walibishana. Walibishana vizuri sana, kila mmoja akikumbusha mambo ya miaka iliyopita, nani alimgeuzia nani alipojifungua, nani alimkatalia nani. Mimi nilibaki nimekaa juu ya turubai. Mwishowe Mama Neema akafunua ncha, akatia mkono ndani, akatoa samaki, akawasugua kwa vidole. Wakavu.

Akakaa karibu yangu.

"Ziwa ilikula fasi yangu," akasema, taratibu, siyo kwa wengine. "Mulitaka nitandaze mu kitanda?"

Nikamwambia, "Mama Neema, kesho utandaze hapa hapa. Minye nitageuza mupaka mama apone."

Alinitazama kama anayepima beseni kwa macho.

"Unageuza vibaya. Umenijazia mchanga."

"Utanifundisha."

"Uh," akasema. Lakini kesho yake alikuja. Samaki wake, mkono wetu. Wanawake wakakubali, ingawa Mama Zawadi aliendelea kuniita "mukwe wa watu wawili".

Jioni ile nilimweleza mama yote, hata ya ufagio. Nilifikiri atakasirika.

"Ulinifagilia? Ningali muzima?" Akaanza kucheka, akashika tumbo. "Wacha! Wacha, Byamungu, kidonda! Neema? Yule Neema mwenye mudomo? Na ukamulalia samaki?"

Alipomaliza kucheka alifuta machozi, akajilaza upande, akalala. Tangu turudi kutoka Lemera nilikuwa namwona amefumba macho tu, masikio yakiwa kwenye mwezi. Safari hii mdomo ulikuwa wazi na mkono ulining'inia nje ya kitanda.

Nikaendelea kwenda ufukweni. Nilijifunza kugeuza kwa ufagio laini bila kuvunja vichwa. Nilikuwa naona mwanga ukitambaa juu ya fedha ile mpaka sijui kama nimeamka au la. Bado nawaza sana, sijapona, msinipongeze. Lakini mikono ikiwa na kazi, mawazo yanakuja kama maji ya ziwa, yanagusa, yanarudi.

Juzi muuguzi alimpima mama akamruhusu kuanza kidogo kidogo. Asubuhi yake tulishuka na mama ufukweni, bila beseni zito, mimi nikiwa nyuma.

Mama Neema alikuwa ametangulia. Alikuwa ameondoa samaki wake wote kwenye nafasi ile, isipokuwa konzi moja aliyoiacha imetandazwa katikati. Yeye alikuwa amesimama pembeni na beseni kichwani, hajui aelekee wapi.

"Nimekuachia kidogo," akasema, "usikute fasi imepoa."

Mama alitazama ile konzi ya samaki. Akatazama maji, kule mbele, mahali ambapo pamekuwa ziwa.

"Na weye utatandaza wapi?"

Mama Neema akasogeza beseni kichwani.

Mama akainama polepole, jinsi alivyofundishwa, mgongo ukiwa umenyooka, akaanza kusogeza wale samaki upande mmoja. Upande mmoja tu. Nusu nyingine akaiacha.

"Shusha beseni," akasema. "Shingo yako iko inaniuma minye."

Ndiyo hivyo wakuu.

Nilichojifunza siyo kikubwa. Neno likikufaa mahali pamoja usilibebe mzimamzima kwenda kwa watu wengine ukadhani litawafaa. Kaa nao kwanza, uone wao hulifanya kwa mikono gani. Mimi nilijua kupumzika kwa muuguzi, kwa fundi na kwa mwalimu wa kwaya, nikasahau kuuliza pale pale nilipoweka kiti.

Sasa nawageukia nyie. Humu kuna madereva, wakulima, wanajeshi, wapishi, mafundi umeme, walimu. Kwenye kazi yako mtu akisema kitu "kipumzike", mnafanya nini hasa? Na ukifanya vibaya kinaharibika nini? Andikeni, nitasoma zote. Nipo ufukweni, nageuza samaki kwa mkono mmoja na simu iko mwingine. Nikichelewa kujibu, msidhani nimekasirika.